Fundi wa Ogembo anayewaomba wazazi waulize kabla ya kupiga

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaamua kuondoka Ogembo, magharibi mwa Kenya. Umelala juu ya majani chai, umejipenyeza katikati ya migomba, na mlangoni mwa kibanda cha Esnah Nyanchoka unachanganyika na mvuke wa pasi hadi huwezi kujua upi ni upi.

Ndani, Esnah, 46, anapindua mfuko wa koti la shule. Anaunusa, anatabasamu, kisha anarudi kwenye cherehani.

"Huu ni wa maandazi tu," anasema.

Kwa miaka 19 ameshona na kurekebisha sare za wanafunzi. Siku nzuri humpa shilingi 700. Mifukoni amekuta barua za mapenzi, vipande vya miwa, hata kifaranga hai. Lakini karibu miaka mitatu iliyopita, mfuko wa sketi moja ulimtolea kitu asichokijua: kijiti cha zambarau, chepesi, chenye harufu ya matunda.

"Nilifikiri ni marashi. Nikakipanguza vizuri, nikamrudishia msichana mwenyewe. Akanishukuru sana. Mimi pia nikafurahi."

Ilikuwa sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu. Ndani yake mna maji yenye nikotini. Betri huyapasha moto yakawa mvuke, na mvuke huo huvutwa hadi mapafuni. Vepu haina majivu, wala harufu ambayo mzazi aliyezoea sigara angeishtukia.

Miezi michache baadaye harufu ile ilihamia nyumbani kwake. Esnah huikumbuka kama mtu akumbukavyo ndoto: alasiri za mvua, vyumba vikinukia nanasi ilhali hakuna aliyenunua nanasi. Alidhani bintiye Gesare, aliyekuwa na miaka 16, amepata mafuta mapya ya kujipaka.

Sabato moja, Gesare aliishiwa na pumzi katikati ya wimbo wa kwaya. Walipofika nyumbani, mama alikuta chini ya mto wa Gesare kijiti kama kile cha kwanza, akaelewa kwamba si marashi bali ni kitu cha kuvuta.

"Nilimpiga. Sitadanganya. Nilimpiga nikilia, nikamwambia ameniaibisha mbele ya kanisa lote."

Kesho yake Gesare alikwenda kwa nyanya yake kijijini Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Kwa siku tisa hakupokea simu.

Siku ya nne, Esnah alifunga kibanda, akakiviringisha kijiti kwenye kitambaa na kukipeleka katika zahanati moja mjini Kisii. Muuguzi Ruqiya Aden ndiye aliyempokea.

"Alikiweka mezani kama mtu ameleta nyoka," Ruqiya anakumbuka. "Nikamwambia, Mama Gesare, hiki kitu kimetengenezwa kishike mtu. Ukienda na fimbo, atajificha zaidi. Enda na swali, halafu unyamaze."

Ruqiya alimweleza pia kwamba siku za kwanza za kuacha huja na kichwa kuuma, hasira na kukosa usingizi, na kwamba hayo yasichukuliwe kuwa ukaidi.

Siku ya tisa Esnah alifika Sironga. Gesare alikuwa nje, akichambua mboga za chinsaga. Mama alivuta kigoda, akachukua fungu lake, wakachambua huku wingu likipita chini sana, kana kwamba lingeguswa kwa mkono.

"Ilianzaje, mwanangu?" aliuliza hatimaye.

Gesare, sasa 18, anasimulia jibu lake mwenyewe. "Nilimwambia tulikuwa wanne, tukachanga mia tatu tatu tukanunua moja. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Halafu nikaanza kuiwaza hata darasani. Nilitaka kuacha, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama alinyamaza mpaka nikamaliza. Hajawahi kunyamaza hivyo."

"Nikamwomba msamaha," Esnah anaongeza. "Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha. Mimi niliomba."

Gesare alianza kuacha, akateleza mara mbili. Mara zote mbili alimwambia mama yake kabla hajaulizwa. Sasa ni miezi kumi na mmoja hajaigusa.

Tangu hapo, mara mbili kwa wiki, Esnah huenda kituo cha kupimia majani chai, ambako wazazi husubiri lori la kiwanda. Huzungumza nao kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, akiwapitishia kijiti kitupu wakijue kwa macho na kwa pua. Baadhi humcheka kwamba anaanika aibu ya nyumba yake. Wateja watatu walimhama.

Mwezi uliopita, mkulima Ombui aliingia kibandani, fimbo mkono mmoja, bintiye Purity mkono wa pili.

"Fundi, hii ndio ile kitu ulisema? Nimeipata kwa begi yake. Leo atanijua!"

"Ndiyo hiyo, Baba Purity. Keti kwanza. Umemuuliza nini?"

"Nimuulize nini na nimejionea?"

"Muulize ilianzaje."

Ombui alimgeukia bintiye. Kisha akaegemeza fimbo ukutani na kuuliza, kwa sauti ya chini hata Esnah akasimamisha cherehani. Purity alilia kwanza. Baadaye akazungumza. Waliondoka pamoja, na fimbo ikasahaulika. Siku hizi Esnah huitumia kutundikia sare zilizopigwa pasi.

Muhula ujao, shule moja ya huko Ogembo imempa nusu saa katika mkutano wa wazazi. Esnah aliishia darasa la saba, na hajawahi kusimama mbele ya watu mia nne.

"Nataka kila mzazi akifika nyumbani akae na mtoto kabla hasira haijakaa," anasema. "Nikitetemeka, watanisamehe."

Alasiri hujizoeza kibandani, Gesare akimsikiliza kutoka upande wa pili wa meza, daftari magotini.

"Polepole, Mama," binti anamkatiza. "Na ile sehemu ya kunipiga, umeiruka."

Esnah anaushika ukingo wa meza. Anavuta pumzi, anatazama mbele kana kwamba wale mia nne wamekwisha kuketi, na anaanza upya.

"Naitwa Esnah Nyanchoka. Mimi nilimpiga mtoto wangu."