Klachi ya Mguu Mbovu

Injini ya pikapu yangu ilikufa wakati mguu wangu wa kushoto nao hauna maana. Nilikuwa nimeanguka na bodaboda. Mfupa uliunga, nguvu hazikurudi. Mke wangu akasema tuiuze gari, migebuka, wale samaki wa ziwani kule Karema, watawafuata wengine. Mimi bila ile barabara ya Karema ni mtu wa kununa tu nyumbani, na yeye anajua.

Nikapata injini nyingine iliyotumika, gari ikavutwa mpaka gereji moja ya Ilembo. Fundi wa pale, mzaliwa wa Katumba, aliifunga, ikawaka vizuri. Nikapanda, nikakanyaga klachi. Ilikuwa ngumu mno. Mguu ukatetemeka, pedali ikagoma katikati. Nilitaka kulia, na sioni haya kusema hivyo.

Fundi aliona. Bila kuombwa akaishusha tena giaboksi, akatoa klachi iliyokuja na injini, akarudisha ile ya zamani ambayo springi zake zilikuwa laini na bado nzima. Kisha akalala chini ya gari kurekebisha waya wa klachi.

“Mzee, vua kiatu, upande ukanyage.”

“Si ujaribu wewe kwanza? Mi nitakuchelewesha.”

“Mguu wangu mzima huu. Utanidanganya.”

Basi nikakaa peku kwenye usukani. Yeye anazungusha nati kidogo, ananiambia kanyaga, nakanyaga. Nikisema bado nzito, anazungusha tena. Wateja wengine wakaanza kunung'unika, akawaambia wasubiri au waende. Mwishowe nikagusa pedali kidogo tu, gia ikaingia bila kelele. Akaulegeza waya kiasi, klachi isije ikateleza milimani, akatoka na vumbi mgongo mzima.

Namshukuru mpaka leo. Alipotaka kunitolea gari nje ya gereji, aliachia pedali kama alivyozoea. Gari ikaruka, ikazimika. Akarudia, ikazimika tena. Akacheka, akashuka, akanishikia mlango.

“Endesha mwenyewe, mzee. Hii haitukubali sisi wengine.”

Nikaendesha mpaka nyumbani, polepole. Mke wangu alitoka, akatazama ni nani amekaa kwenye kiti cha dereva. Akarudi ndani, akaanza kunitolea matenga ya samaki.