Mama Tanga, Shabiki Wetu wa Daraja la Pili

Jamani, leo asubuhi nimempigia Mwanaidi simu. Nimekaa kabisa nasubiri apokee, ndipo nikakumbuka kwamba tumeshamzika. Akili yangu imegoma.

Kwa msiomjua: Mwanaidi alikuwa mtu wa Tanga. Tulifanya usafi pamoja kwenye hosteli za chuo kimoja kidogo hapa ugenini, mtaa wa Doornfontein. Presha imemchukua ghafla, bado ana nguvu zake. Wasichana wa timu ya netiboli ya chuo walimwita Mama Tanga, na nadhani wengi wenu mlimjua kwa jina hilo.

Chuo chenyewe ukipita na teksi unaweza usikione. Lakini kwa Mwanaidi, ile timu ilikuwa timu ya taifa.

Mimi netiboli sikuijua wala sikuitaka. Nilikuwa nimetoka kumzaa Imani, baba yake hayupo, nimejifungia chumbani Hillbrow na nywele sijachana. Nikitoka ni shift, nikirudi ni kulia. Jumamosi moja Mwanaidi akagonga mlango.

"Mama Imani, vaa viatu."

"Dada, nimechoka."

"Sijakuuliza kama umechoka. Vaa viatu, ukachokee juani."

Uwanjani akamchukua mtoto, akambeba mgongoni kwa khanga, mimi akaniambia nilale. Nikalala palepale kwenye benchi, vuvuzela zinalia pembeni. Tangu nijifungue sikuwahi kupata usingizi kama ule. Naamka, tumeshinda!

Ndivyo nilivyoanza ushabiki. Kwa kulala.

Aliwapikia wasichana maandazi, wao wakayaita magwinya. Eish, alifoka! "Magwinya ni ya kwenu huko! Haya yana iliki!" Wiki iliyofuata wakamwita kwa makusudi: "Mama Tanga, yako wapi magwinya yetu?" Akafoka tena, huku anagawa.

Majina ya nafasi hakuyajua hata moja. Mfungaji alikuwa "yule mrefu wangu". Beki wetu alimwita Load-shedding, yaani mgao wa umeme, maana akisimama mbele yako ni giza tu. Yule binti mpaka leo ameliandika jina hilo mgongoni kwenye jezi ya mazoezi.

Tulipopanda daraja la kwanza tulirudi nyumbani kwa miguu tukiimba. Robot, zile taa za barabarani, ikawaka kijani, Mwanaidi katikati ya barabara anakata mauno, madereva wanapiga honi, naye anawapungia mkono akidhani wanampongeza.

Kumbe tulikuwa tunapanda kwenda kupigwa. Vyuo vya huko juu vinakuja na basi lao, daktari wao na maji ya barafu. Sisi tulikuja na Mwanaidi. Kila Jumamosi kipigo, na kila Jumamosi benchi letu linazidi kuwa tupu. Kaka Juma, kinyozi wa mtaani kwetu, akamwambia, "Dada, timu haishindi, tunafuata nini?"

"Kwani wewe uliuoa ushindi?"

Sasa niwasimulie ile mechi ya mwisho ya msimu, kule Turffontein. Mwanaidi alikuwa ametutangazia wote: sare inatosha, tunabaki. Tukamwamini. Sare ikapatikana. Filimbi ilipolia tukamwagika uwanjani na vigelegele, ngoma, khanga juu, mimi na mtoto mgongoni narukaruka.

Wasichana wetu wamekaa chini wanalia. Tukadhani ni furaha.

Tumecheza weee! Mpaka Lerato, kapteni wetu, akaja akamshika Mwanaidi mkono. "Mama Tanga, tumeshuka. Pointi tumelingana na wenzetu, ila wametuzidi magoli ya msimu."

Aibu ile siwezi kuielezea. Upande wa pili wanatukodolea macho, hawajui kama watucheke au watupe pole.

Mwanaidi akaitazama khanga yake, akawatazama wale mabinti. "Mnashuka daraja. Mnashuka kaburini?"

"Hapana, Mama."

"Basi inukeni. Ngoma imeshawaka, mimi siizimi."

Wakainuka. Walicheza huku kamasi zinawatoka, wanacheka na kulia. Sijaona timu iliyoshuka daraja kwa shangwe namna ile.

Njiani Kaka Juma akasema yeye daraja la pili harudi, anahamia chuo kikubwa. Mwanaidi akamjibu, "Hama salama. Kofia ya timu yetu ivue hapahapa." Akaivua kweli! Baadaye wakataniana, lakini kofia hakurudishiwa.

Jumamosi hii msimu unaanza, huko chini tulikotoka. Jana Lerato amenipigia. Hakuzunguka: "Auntie, wasichana wanauliza kama upande wetu kutakuwa na mtu. Wengine wanasema kama hakuna mtu hawataki kucheza." Na chuo kimeshawaambia, timu isipotokea mechi ya kwanza, inafutwa.

Halafu nafungua group letu la mashabiki nakuta mnapendekeza tusiende, eti kwa heshima ya marehemu.

Ndugu zangu, nawapenda, lakini hapana. Mwanaidi hakuwahi kumheshimu mtu kwa kubaki nyumbani. Mimi mwenyewe alinitoa kitandani. Anayetaka kulia aje alie benchini, nafasi ipo. Kaka Juma, na wewe njoo, kichwa wazi hivyohivyo.

Sitawadanganya, nimechoka. Ijumaa nina shift, mtoto anaota magego, na hivi naandika macho yanafumba. Naandika hapa mbele za watu makusudi, ili Jumamosi nisipate pa kujificha. Lerato nimeshamwambia: ingieni uwanjani, nakuja.

Dada Mwanaidi, Allah akurehemu, akupanulie kaburi lako. Vigelegele sivijui kama wewe, sauti yangu itakauka kabla ya mapumziko, na nikihesabu magoli nitakosea vilevile. Lakini nitakuwepo, dada.

Lala sasa. Usiwe na wasiwasi na watoto wako wa uwanjani, lala salama.