Saa tatu kwa safari ya saa moja

Rafiki zangu, nawasihi, msimsomee mtu mwingine haya. Someni, kisha mfute.

Leo ndege ya mizigo imetoka Kisangani saa mbili asubuhi. Kufika hapa Kindu ni mwendo wa saa moja tu.

Imetua saa tano.

Mimi, karani wa uwanja, nikaandika daftarini nilichoona, nikatia sahihi, kama kila siku.

Ndipo akashuka mama mmoja abiria, anacheka: "Mutoto wangu, kule porini tulikotua kwanza, askari wanashusha masanduku, hata choo hakuna!"

Rubani akanitazama mimi, si yeye. Na vita hii, mnaelewa masanduku kama hayo yana nini.

Shefu, mkubwa wangu hapa uwanjani, akanivuta kando. "Huyu mama aliota. Andika lisaa moja."

"Shefu, nimeisha kuandika. Na kurasa zina namba, hazichanwi."

"Sahihi njo ya nani?"

"Yangu."

"Basi pole, mudogo."

Ninyi mngefanya nini?

Msinipigie simu. Nendeni sokoni kwa dada yangu anayeuza mchele wa Kibombo, mumuulize habari zangu. Tumepatana naye: akisema hanijui, niko salama. Akianza kulia, msirudi tena pale.