Nilivyoonja Malwa Kitaalamu

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi huandika gazetini kuhusu vyakula na mvinyo, na juzi nilivuka mpaka pale Busia nikaenda Tororo kuonja malwa, ile pombe ya wimbi. Kilabuni kwa Mama Apio nilikuta wanaume wanne wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Malwa ikipungua, Mama Apio huongeza maji ya moto. Nikajitambulisha kuwa ni mtaalamu wa kuonja. Wakanipa kiti na mrija.

Sasa, mvinyo hauonjwi hivi hivi. Lazima upate hewa kwanza, ndipo harufu itoke. Glasi utaizungushazungusha, lakini chungu utakizungushaje? Nikatia mrija mdomoni, nikapuliza. Mapovu yakapanda. Nikavuta kidogo, nikawaeleza kuhusu uchachu na harufu ya moshi.

Mmoja akachomoa mrija wake, kisha wenzake wote. Nikadhani wananipisha nifanye kazi. Nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi, ili waone inavyofanywa.

"Mama Apio, leta chungu ingine," mmoja akaita.

"Lakini hiki bado kimejaa," nikasema.

"Hiyo ni yako, mgeni. Umepuliza mate ndani. Sisi hapana kunywa mate ya mtu."

Mama Apio akawaletea chungu kipya. Kisha akanijia na birika la maji ya moto, akakijaza changu pomoni.

"Kunywa, mtaalamu," akasema. "Hapa mtu haachi chungu yake."