Mkono wa Sidonie

Sidonie wa Mulongwe hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, huku akiwatania wateja mpaka wakalipa wakicheka, na tangu amzike mumewe hakuna aliyemwona akilia hadharani. Lakini mwaka wa sitini na nne waasi waliuchukua mji wa Uvira, mwanawe wa pekee, Placide, akajiunga nao, na mama huyu akaanza kukosa maneno.

Wapiganaji walinyunyiziwa dawa ili risasi ziwageukie maji, na dawa ile ilikuwa na miiko. Placide alikuja nyumbani, akasimama nje ya kizingiti.

"Usinisogeleye, mama. Mukono ya mwanamuke inaharibu dawa."

"Weye! Hii mukono ndiyo ilikuogesha!"

"Iko mwiko, mama."

Ikabidi amwekee ugali chini na kurudi nyuma, kama anayemlisha mbwa mkali. Hilo lilimuuma sana. Na dawa yenyewe hakuiamini hata chembe: alishaona maiti walioletwa kwa malori kutoka vitani, uwanda wa Ruzizi, nao walikuwa wamenyunyiziwa vilevile.

Jirani yake Bernardine ndiye aliyempa shauri. Kule Bujumbura kulikuwa na kanisa la zamani, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria amempakata Yezu aliyekufa.

"Gusa muguu ya Yezu," alimwambia. "Kisha usinawe, usimushike mutu, mupaka umuguse mutoto yako, baraka imukinge."

Sidonie akavuka mpaka wa Kavimvira asubuhi, akafika. Dari la kanisa lilimetameta dhahabu, malaika wamejaa ukutani, na vioo vya madirisha vilimwaga rangi nyekundu sakafuni. Wengine wangesifu uzuri. Yeye aliona damu, akaikwepa asiikanyage. Mguu wa Yezu ulikuwa umesagika kwa kuguswa, vidole havionekani tena. Akamtazama yule mama wa mawe, akaogopa kwelikweli: mama yule alikuwa ameachiwa mwanawe amshike, lakini kwa kuchelewa. Akaweka kiganja upesi, akatoka bila kumaliza Salamu Maria.

Njia nzima ya kurudi aliubeba mkono ule kifuani, ameufunga ndani ya kitenge. Kavimvira akakuta lori la wapiganaji likiunguruma tayari kwenda vitani, na Placide ameshainua mguu apande. Mwiko aliujua. Aliujua vizuri. Lakini baraka ilikuwa mkononi, na mtoto alikuwa anaondoka. Akakimbia, akamshika shavu kwa kiganja kizima.

Wenzake waliona. Waliokaa karibu na nafasi yake wakasogea, maana hakuna aliyetaka kugusana na mtu aliyeharibiwa dawa. Mkubwa wao akamtazama kijana.

"Apande tu," akasema. "Kule vitani huyu atatangulia mbele."

Placide alijishika shavu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mama," alisema polepole, "umeniua."

Sidonie alitaka kumweleza habari za kanisa, za mguu wa Yezu, za mkono aliokuja ameufunga kutoka Bujumbura. Lori likang'oka. Kiganjani lilibaki joto la shavu la mwanawe, naye akakaa chini pale barabarani akilia mbele za watu wote, akitazama upande ambako malori hutokea yakirudi.