Mwaka Walipotaka Kunifanya Mamluki

Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita, nikiwa nimewasimamia wanafunzi wangu katika mashindano ya shule hapa Nakuru, mwanamume mmoja mwenye kofia safi na kijitabu alinisogelea pembeni mwa uwanja. Hakuuliza jina langu.

"Mathe, huyo msichana mrefu wa pale, ako na miaka ngapi?"

Nikamwuliza yeye ni nani. Akacheka. "Mimi ni mpenzi wa michezo tu."

Nilivitazama viatu vyake, nikakitazama kijitabu chake, kisha nikamwambia kwamba umri wa mtoto huyo umeandikwa katika rejista ya shule, na kwamba ofisi hufunguliwa siku za kazi kuanzia saa mbili. Akaondoka bila kuaga. Nikabaki pale jua likinichoma utosini, huku akili yangu ikiwa imekwisha kupanda hadi Elburgon, katika mwaka wa 2011.

Utaniambia nina shaka nyingi, rafiki yangu. Si wewe wa kwanza. Marehemu mume wangu, aliyenitoka miaka minne iliyopita, mwezi wa Mei, alizoea kusema kwamba hata nikiletewa kadi ya harusi huigeuza nyuma kutafuta kilichofichwa. Tangu alipofariki watu wameniletea huruma kwenye sahani, na sahani zote nimezirudisha zikiwa zimeoshwa, kila moja na kitu juu yake. Sioni haya kwa hilo. Shaka yangu ina tarehe yake ya kuzaliwa, nami naikumbuka.

Nilianza shule Januari 2003, serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, nikiwa na miaka kumi na miezi minne. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa amenifundisha kusoma kwa Biblia yake. Mwalimu mkuu aliponisikiliza akaniweka darasa la nne, nikaketi nyuma kabisa, mrefu kuliko mwalimu wa darasa. Kabla ya siku hiyo shule yangu ilikuwa shamba. Asubuhi tulichuma pareto, maua meupe yanayoacha vidole vikiwasha, na alasiri tulipakia kabichi. Hujawahi kuona kabichi zikipakiwa? Watu hujipanga mstari kutoka shambani hadi kwenye lori, kila mmoja akimrushia mwenzake na papo hapo kudaka inayofuata. Ukiiangusha inapasuka, na mstari mzima unakugeukia kwa matusi. Niliingia katika mstari huo nikiwa na miaka saba. Kwa hiyo, nilipokuwa kidato cha pili na mwalimu wa michezo akaniwekea mpira wa besiboli mkononi, nilidhani ananitania. Kitu kidogo namna ile!

Besiboli, kama hujapata kuiona, ni mchezo wa kurusha mpira, kuupiga kwa gongo na kukimbia kupitia vituo vinne kabla hujakamatwa. Vituo vyetu vilikuwa magunia yaliyojazwa unga wa mbao kutoka kiwanda jirani. Ukijirusha juu yake ulirudi nyumbani ukinukia saiprasi iliyokatwa. Mwezi wa Julai ukungu ulishuka kutoka msitu wa Mau hadi tukawa hatumwoni mchezaji wa mbali, tukamtupia mpira kwa kufuata sauti yake. Nyuma ya uwanja msumeno wa kiwanda ulilia asubuhi nzima, na uliponyamaza ghafla tulijua ni saa saba, saa ya kula githeri, mahindi na maharagwe ya shule. Jioni nyanya alinisubiri na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi kwenye kipande cha gazeti, na chai yenye harufu ya moshi. Mwalimu wa michezo alikuwa mtu mkimya, asiye na mke wala gari, na katika mkoba wake alibeba bahasha yenye nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Aliihitaji mara nyingi.

Aliihitaji zaidi Jumamosi ya tatu ya Julai 2011. Nilikuwa kidato cha nne, na kwa kila mpira nilioutupa wageni walizidi kupiga kelele.

"Refa! Cheki huyo! Huyo ni mathe wa watoto watatu!"

"Mwambieni mtoto wake analia huku!"

"Na nyinyi mmeshaacha kunyonya?" wenzangu wakawajibu.

Kisha wakaanza kuimba wote pamoja: mamluki, mamluki. Mamluki, kwa asiyejua michezo ya shule zetu, ni mchezaji wa kuazimwa. Hasomi hapo. Huletwa siku ya mechi, akacheza kwa jina la mwanafunzi mwingine, kombe likapatikana, naye akatokomea. Mchezo ulisimamishwa dakika ishirini mwalimu akionyesha bahasha yake. Nilisimama katikati ya uwanja mikono nyuma, kama mwizi. Mimi niliyelisubiri jina langu liandikwe katika rejista kwa miaka kumi na miezi minne!

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, mkufunzi wa chuo kimoja kikubwa alifika nyumbani kwa gari jeupe. Alileta mkate, sukari, na viatu vipya vya njumu.

"Shosho, mkono wa huyu msichana sijaona mahali pengine," alimwambia nyanya. "Masomo, chumba, chakula, yote ni juu yetu. Aje tu Januari."

"Na mtihani wake?"

"Hayo ni makaratasi, shosho. Tuachieni sisi."

Nilivivaa viatu, vikanikaa kana kwamba vilishonwa mguuni mwangu. Nilicheka kwa furaha. Nyanya hakucheka. Gari lilipopotea alikunja mikono akaniuliza, "Saizi ya mguu wako aliipata wapi?"

Wazo lilinijia, nalo likanichoma. Muhula wa kwanza, mwalimu wa michezo alikuwa ametupima miguu kwa uzi, akaandika vipimo katika daftari lake. Watu wengine waliojua saizi yangu walikuwa nyanya na mimi.

Mwezi huohuo alikuja mgeni wa pili, mkufunzi wa kike kutoka chuo kidogo cha ualimu upande wa Keringet. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa buti za mpira. Timu yao ilikuwa na wasichana kumi na mmoja na magongo mawili, na uwanja wao ulikuwa na mteremko walipolishia ng'ombe. Hakuleta hata kibiriti. Alitaka kuona cheti changu cha kuzaliwa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akauliza mara mbili kwa nini nilichelewa shule. Akauliza ningependa kufundisha somo gani, nami nikasema Kiswahili.

"Matokeo yakitoka, njoo na cheti asilia. Nakala sichukui."

"Kwani unanishuku, mwalimu?"

"Mimi nashuku kila mtu, dada. Jina nikiliandika kwa rejista yangu silifuti."

Nilimchukia siku hiyo. Nilimwona mshamba mwenye majivuno. Jirani yetu, mama aliyetuuzia maziwa, alikuwa na maoni kama yangu. "Wewe unafikiria nini tena?" alinipigia kelele juu ya ua. "Watu wanatafuta mlango, wewe umefunguliwa, na bado unakagua bawaba!"

Lakini bawaba zenyewe zililia. Nilichukua karatasi nikaandika tarehe. Mtihani wa kidato cha nne ungemalizika Novemba. Matokeo yalitazamiwa Machi. Chuo kikubwa kilinitaka Januari, mwanzo wa michezo ya vyuo. Chuo gani kinampokea mwanafunzi ambaye hakijui amepata alama gani? Nilimwonyesha mwalimu wa michezo karatasi ile. Aliisoma kwa muda mrefu, akasema, "Twende tukaone kwanza." Nilijiuliza kwa nini alitaka twende.

Tulikwenda Jumatatu ya pili ya Januari 2012. Sitakudanganya, nilipatamani mahali pale. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa mashine, laini, na mistari ya chokaa ilinyooka. Wasichana wa timu walinipokea kwa vifijo. Tulikula kuku na chapati, nikaongezwa bila kuomba, na nikamwaza nyanya akipuliza moto wa mabua. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Kisha tukaingizwa ofisini, na yule mkufunzi akanisukumia kitambulisho cha mwanafunzi juu ya meza.

Picha ilikuwa yangu, iliyopigwa siku ya mechi ya Julai pasipo mimi kujua. Ukosi wa sare ya shule yangu ulionekana. Jina lilikuwa la msichana mwingine.

"Huyu aliacha masomo, nafasi yake iko tu," alisema kwa upole. "Ni msimu mmoja. Mwaka ujao tunakuandika wewe mwenyewe."

"Na msimu huu nikisoma, alama zitaandikwa za nani?"

"Hayo tutaangalia mbele."

Nilimgeukia mwalimu wangu. Alikuwa akitazama dirishani. Nilimsubiri yeye, mtu wa bahasha, aseme neno moja. Alisema, "Uamuzi ni wako," na hakunitazama.

Nilikilaza kitambulisho kifudifudi juu ya meza, nikasimama. Tulirudi Elburgon kwa matatu, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Viatu niliviosha, nikavikausha juu ya jiko, nikavirudisha kwa yule mkufunzi. Na jioni ile tuliporudi, nikimenya viazi, nilimwelewa yule mwanamke wa buti za mpira: yeye alinishuku ili aniandike, ilhali wale waliniamini ili wanifute.

Niliusubiri mwezi wa Machi nikipakia kabichi. Mstari ulinicheka. "Hebu rushia profesa!" walisema, "lakini pole pole, mkono wake ni wa chuo!" Jirani alipunguza salamu. Matokeo yalipotoka yalinitosha, na nikavipeleka vyeti vyangu asilia Keringet kwa mkono wangu mwenyewe. Mkufunzi alivikagua upya, kimoja kimoja, akafungua rejista ya buluu, akaandika majina yangu matatu kwa wino. Aliniacha nisome. Nilisoma mara tatu.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba 2012, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa steji ya matatu ya Elburgon na sanduku langu la bati. Mwalimu wa michezo akatokea kwenye ukungu na kitu kilichofungwa gazeti. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu Januari. Alikifungua. Ilikuwa glavu ya kudakia mpira, ya ngozi, mpya.

"Chukua. Utaihitaji huko."

"Imetoka wapi, mwalimu?"

"Nimeitafuta."

"Kwa nani?"

Akacheka kidogo. "Sasa unanihoji kama polisi."

Niliingiza mkono ndani, nikapapasa kidole baada ya kidole, nikitafuta karatasi, nambari ya simu, jina la mtu. Hapakuwa na kitu. Nikamrudishia. "Asante, mwalimu. Nimezoea kudaka mikono mitupu."

Alilikunja gazeti lake taratibu. "Sawa," akasema. "Safari njema."

Siku ya nne chuoni tulitolewa mazoezini, na mkufunzi akanigawia glavu. Sikuweza kuivaa. Mimi hurusha kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo glavu yangu ni ya mkono wa kulia, na glavu za namna hiyo haziji pamoja na zile za wengine. Huagizwa moja, kwa ajili ya mtu mmoja. Mkufunzi alinieleza hivyo huku akipekua gunia. "Ya kwako itabidi mtu aitafute," alisema. Nilitazama mkono wangu wa kulia. Ndio niliokuwa nimeutumbukiza katika ile glavu pale steji, na kila kidole kilikuwa kimeingia mahali pake. Yule mtu mkimya alikuwa amezunguka Nakuru au Nairobi, sijui, akitafuta kitu ambacho katika shule nzima kingemfaa mwanafunzi mmoja tu.

Niliporudi likizo, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nilikwenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu alikuwa amehamishwa mwisho wa muhula. Mkuu wa shule alisema magharibi, karani akasema pwani.

Nikipita Elburgon siku hizi siisikii tena misumeno. Mashamba ya pareto niliyochuma yamekuwa nyumba, na kiwanja chetu kimezungushiwa mabati. Nyanya amelala karibu na kanisa lake. Timu ya Keringet ilivunjika mkufunzi alipostaafu, ingawa jina langu limo bado katika ile rejista ya buluu, na mshahara ninaoupokea kila mwezi umetoka humo. Sijutii uamuzi wangu hata siku moja.

Kuhusu mwalimu wangu sina hakika hadi leo. Saizi ya mguu wangu yule mtu hakuiokota hewani. Huenda mwalimu aliitoa akidhani ananisaidia. Huenda aliahidiwa kitu, akakitamani, kisha pale dirishani akashindwa. Huenda glavu ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, au ya kunitakia heri tu, kama mwalimu yeyote. Ningemwuliza, naye angenijibu, na pengine ningemwamini. Siku, mwezi na saa niliyomrudishia glavu mkononi mwake ninavyo vyote. Anwani yake sina.