Neno Ambalo Mzee Hakulisema

Juzi nilikuwa kwa benchi ya wageni katika jela moja hapa Kakamega, nimempelekea mpwa wangu sabuni. Mezani mbele yetu, afisa wa ustawi, msichana mpole, alikuwa anamhoji mzee wa Shinyalu aliyemkata jirani mkono kwa panga, wakigombania mpaka. Ripoti ya msichana ndiyo ingeamua kama mzee atatoka mapema.

"Baba, unajuta?"

"Andika najuta."

"Nimeuliza kama unajuta."

"Sijuti. Aling'oa miti yangu ya lusiola pale mpakani. Nikitoka nitaipanda palepale. Akileta ule mkono uliobaki, atajua."

Msichana akaweka kalamu chini. Mke wa mzee, aliyekaa kando yangu, akainuka akamshika bega. "Binti yangu, andika tu amejuta. Shamba limenishinda, mgongo umeisha."

Nami, mdomo wangu usiojua kutulia, nikaongeza: "Andika, mama. Neno moja litakupunguzia nini?"

Msichana akanigeukia, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Kukhu, kama ungekuwa huyo jirani, ungelala?"



Akaandika maneno ya mzee jinsi yalivyotoka, akamsomea. Mzee akaweka kidole bila ubishi. "Hapo umesema kweli." Mkewe akajifunika uso kwa leso.

Watu husemanga wafungwa ni waongo. Siku hiyo waongo tulikuwa wawili, wote tumekalia benchi ya wageni, na ni mmoja tu aliyekuwa na sababu.